SOMO: Mbaazi za nazi kwa anayetaka kupunguza nyama nyumbani

Baba yangu alivimba kidole gumba cha mguu mpaka shuka likimgusa analia. Daktari akasema ni jongo, yaani gauti, apunguze nyama nyekundu na aache maini na figo. Kwetu siku isiyo na nyama iliitwa siku ya shida, kwa hiyo wote tulinyamaza. Mama hakubishana na mtu. Usiku ule aliloweka mbaazi, na kesho yake mchana baba akaomba aongezewe.

Nimeona wengi wakiamua kupunguza nyama, kisha baada ya wiki wanarudi buchani. Ukifunua sufuria zao unaiona sababu: mbaazi ngumu, mchuzi kama maji ya kuoshea vyombo. Ndiyo maana naleta somo hili taratibu.

Kwa watu watano andaa nusu kilo ya mbaazi kavu, nazi mbili zilizokomaa, vitunguu maji viwili, pilipili mbichi mbili, kijiko kidogo cha bizari ya manjano, chumvi na ndimu.

Hatua ya 1: Chambua, loweka. Mwaga mbaazi kwenye ungo, toa mawe na zilizotobolewa na wadudu. Osha, loweka usiku kucha kwenye maji mengi. Asubuhi yamwage maji hayo, usiyapikie.

Hatua ya 2: Chemsha mpaka ziive kweli. Weka maji mapya, yazidi mbaazi kwa vidole vinne. Kwenye mkaa ni saa moja hadi moja na nusu. Kwenye presha kuka ni haraka zaidi. Usitie ndimu wala nyanya sasa, maana uchachu huzifanya zikatae kulainika. Kipimo changu: chukua punje moja, ibonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikipondeka yote bila kiini kigumu katikati, imeiva. Ikibaki na kiini, rudisha motoni hata kama watu wana njaa. Hapa ndipo chakula kinapoharibika au kupona.

Hatua ya 3: Kamua nazi. Zikune nazi kwenye mbuzi, ukiishia pale nyama nyeupe inapokwisha. Ukifika kwenye ganda tui linakuwa na weusi. Tia kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, kamua, chuja: hilo ni tui zito. Liweke kando. Rudia machicha kwa vikombe viwili vya maji upate tui jepesi.

Hatua ya 4: Unganisha. Mbaazi zikiwa zimebaki na maji kidogo, tia tui jepesi, vitunguu, pilipili nzima, bizari na chumvi. Acha zitokote mpaka vitunguu vipotee. Ponda punje chache kwa mgongo wa upawa, mchuzi ushikane. Kisha punguza moto, mimina tui zito, na usiondoke. Teka kwa upawa na kumimina, teka na kumimina, sufuria ikiwa wazi. Moto ukiwa mkali tui linakatika, unaona mafuta yanaelea peke yake. Likianza kuchemka pembeni na kunukia, hesabu dakika tano, epua.

Kula na wali, chapati, au mahamri asubuhi. Ndimu kamulia mezani.

Sasa faida. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliweka nyama za kusindikwa, kama soseji, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu kwenye kundi la vinavyoelekea kuisababisha. Ushauri unaotolewa kwa anayekula nyama nyekundu ni asizidishe gramu 350 hadi 500 zilizopikwa kwa wiki, yaani kama milo mitatu. Mbaazi kavu zina protini gramu 21 hivi kwa kila gramu 100, na zina nyuzinyuzi, ambazo nyama haina hata chembe. Zikiiva zinakuwa zimenywa maji, na protini katika kila gramu 100 inapungua, kwa hiyo pakua za kutosha.

Na ni zao letu. Lindi, Mtwara na Manyara wanalima mbaazi nyingi, soko kubwa likiwa India. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha kuagiza, bei ilianguka vibaya. Iliniuma kuona chakula kizuri hivi kinakosa mlaji, na sisi tupo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Dada, nikila mbaazi tumbo linajaa gesi. Nifanyeje?
Jibu: Mwaga maji ya kulowekea, na ukipenda mwaga pia ya mchemko wa kwanza. Anza na upawa mmoja, mara mbili kwa wiki. Tumbo huzoea.

Swali: Magadi je? Yanaivisha haraka.
Jibu: Yanaivisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu, jambo baya kwa mwenye presha. Kuloweka kunatosha.

Swali: Shikamoo. Binti yangu ni mjamzito, akipunguza nyama damu haitashuka?
Jibu: Marahaba mwanangu. Madini ya chuma ya kwenye mbaazi huingia mwilini kwa shida kuliko ya nyama. Ale pamoja na ndimu, chungwa au kachumbari, na chai asinywe na mlo, asubiri saa moja au zaidi. Vidonge vya kliniki asiache. Asiache kabisa samaki, mayai na maziwa, kwa sababu vitamini B12 haimo kwenye mbaazi. Asiyekula hivyo vyote lazima apate ya vidonge.

Swali: Mbaazi nazo si zina purini? Mzee hakuumia?
Jibu: Zinazo. Purini ni vitu vya kwenye chakula ambavyo mwilini hugeuka asidi inayoleta jongo. Ila purini za jamii ya kunde hazijaonekana kuleta jongo kama za nyama. Mzee wetu alizila, na dawa zake aliendelea nazo.

Swali: Niko Muscat, mbaazi nzima sizioni, nazi ni ya kopo.
Jibu: Ingia duka la Wahindi, ulizia toor dal. Ni mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa. Loweka nusu saa tu. Zinaiva upesi na zinapondeka, kwa hiyo ruka ile kazi ya kuponda. Kopo litikise kabla ya kufungua, nusu izimue kwa maji iwe tui jepesi, nusu iache iwe zito.