Kujenga Mkia wa Ndege ya Faiba: Mwongozo kwa Wajenzi wa Arusha na Moshi

Anayejenga ndege yake mwenyewe hushauriwa kuanzia mkiani, na ushauri huo una sababu. Mkia ni mdogo, povu gumu na kitambaa cha nyuzi za kioo vinavyotumika si vingi, lakini ndani yake mna karibu kila kazi itakayorudi baadaye kwenye mabawa: kukata povu, kulaza kitambaa, kutega bawaba, kuunganisha na kusawazisha. Kipande kikikataliwa, hasara yake inavumilika. Hata hivyo udogo huo usimdanganye mtu, kwa sababu hakuna sehemu ya ndege ambako uzito wa ziada una gharama kubwa kuliko mkiani.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua mkia ulio mita 4 nyuma ya kitovu cha uzito cha ndege. Kila kilo moja ya ziada iliyoko huko italazimu kuwekwa zaidi ya kilo 3 puani, ikiwa nafasi ya kuweka uzito huo iko mita 1.3 mbele ya kitovu. Sasa tuseme bawa la mkia lina eneo la mita za mraba 4, juu na chini pamoja, na limefunikwa kwa tabaka mbili za kitambaa chenye gramu 300 kwa mita ya mraba. Kitambaa peke yake ni kilo 2.4. Fundi makini anayefikia uwiano wa kitambaa asilimia 60 na epoksi, yaani gundi inayokilowesha, asilimia 40 atatumia kilo 1.6 za epoksi. Asiyekamua vizuri, akaishia nusu kwa nusu, atatumia kilo 2.4. Gramu 800 hizo hazimwongezei nguvu yoyote, na bado zitamdai karibu kilo 2.5 za madini ya risasi puani. Mjenzi akiliweka hilo akilini, maagizo mengi yanayofuata yatamwelea yenyewe.

Ndege inayozungumziwa hapa ni yenye mkia wa kawaida: bawa dogo la ulalo lenye eleveta (kipande kinachocheza ili kuinua au kushusha pua) nyuma yake, na pezi la wima lenye usukani. Njia ya ujenzi ni ile isiyohitaji kalibu, iliyoenezwa na Mmarekani Burt Rutan kupitia ndege zake za VariEze na Long-EZ katika miaka ya 1970, ambapo povu gumu hukatwa umbo la bawa kisha hufunikwa kwa kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa epoksi. (Ndege hizo mbili zenyewe hazina mkia wa aina hii, bawa lao dogo liko puani. Lakini kazi ya mikono ni ileile.) Eneo la mkia, umbali wake kutoka kwenye bawa kuu na pembe zake zote vifuatwe kama ramani ya msanifu inavyosema, bila kupunguza wala kuongeza, kwa kuwa uthabiti wa ndege nzima umejengwa juu ya vipimo hivyo. Aidha, kabla ya kununua hata lita moja ya epoksi, mjenzi aiandikie Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania aeleze nia yake na aina ya ndege, ili ajue mapema ni hatua zipi wakaguzi watataka kuziona kabla hazijafunikwa.

Suala la vifaa ndilo linalowapotosha wengi. Arusha ni mji wa magari ya utalii, na fundi wa faiba hakosekani. Ni mtu wa kuheshimiwa na mikono yake ina mengi ya kufundisha. Lakini anachokitumia kwa kawaida ni rezini ya poliesta, ile yenye harufu kali, pamoja na mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa. Poliesta huyeyusha povu la polistirini papo hapo, na mkeka hunywa rezini nyingi huku nyuzi zake zikiwa hazina mwelekeo. Kwa mkia wa ndege kinatakiwa kitambaa kilichofumwa, epoksi iliyotajwa kwenye ramani, na povu la polistirini lenye vinyweleo vilivyofungwa, la uzito wa takriban kilo 32 kwa mita ya ujazo. Yale mabodi meupe ya punje yanayofungia televisheni hayafai. Tofauti nyingine iko kwenye kuchanganya. Fundi wa poliesta akiwa na haraka huongeza matone ya hadina, yaani dawa ya kugandisha, na kazi hukauka upesi. Epoksi haiendi hivyo. Hadina ya epoksi ni nusu ya kemia yenyewe, ikizidi au ikipungua kazi hubaki laini daima, na hakuna jua litakaloiponya. Tumia mizani ya kidijitali inayosoma gramu, na uchanganye kwa dakika mbili kamili huku ukikwangua kuta na kitako cha kikombe.

Kukata povu ni kazi ya watu wawili. Waya wa moto hutandazwa kwenye upinde wa mbao na kukazwa mpaka ukiguswa utoe mlio, kisha hupewa umeme kupitia kidhibiti. Betri ya gari ni salama zaidi kuliko umeme wa ukutani, na pia haikatiki katikati ya kazi, jambo ambalo mkazi wa mji huu hahitaji kuelezwa. Vipande vya kuongozea waya hukatwa kwa plaiwudi au fomaika kulingana na mchoro wa ramani, hulainishwa kwa msasa mpaka ukucha upite bila kukwama, na hupigiliwa kwenye ncha mbili za povu baada ya kuhakikisha kwa pima maji kwamba havikupishana pembe. Kwa kuwa bawa la mkia huwa pana kwenye shina na jembamba kwenye ncha, waya hauwezi kwenda mwendo mmoja pande zote. Ndiyo maana kila kipande huchorwa alama zenye namba zilizo sawa pande zote mbili, na mtu aliye upande wa shina huzitaja kwa sauti waya unapozifikia: “Nne... nne na nusu... tano.” Mwenzake huhakikisha yuko kwenye namba hiyohiyo. Mwendo unaofaa ni kama sentimita 2.5 kwa sekunde 4 hadi 6. Waya ukienda kasi kuliko hapo una moto mno na unakula povu pembeni. Ukibidi kuusukuma, katikati yake hubaki nyuma na kuacha tumbo kwenye bawa. Milango iwe wazi wakati wote. Povu la poliyurethani, ambalo ramani nyingine hulitumia kwenye kona za mviringo, lisiguswe kamwe na waya wa moto, kwa kuwa moshi wake una sumu inayoua. Hilo hukatwa kwa kisu na kuchongwa kwa msasa.

Kabla ya kulaza kitambaa, shughulikia sehemu zitakazobeba bolti. Povu halihimili kubanwa, hivyo kila bawaba huhitaji kipande cha alumini au cha plaiwudi ya ndege kilichozikwa ndani na kugandishwa kwa epoksi iliyochanganywa na nyuzi fupi za pamba. Pezi likiwa la nyuzi za kioo tupu, huu ndio wakati wa kuificha antena ya redio ndani yake: vipande viwili vya utepe wa shaba, kila kimoja cha takriban sentimita 57, hutosha kwa masafa ya anga ya megahezi 118 hadi 137. Nyuzi za kioo huyapitisha mawimbi ya redio. Nyuzi za kaboni huyazuia, na tena hula alumini iliyogusana nazo.

Kulaza kitambaa kunaanza siku moja kabla, kwa mkasi. Kitambaa cha kufunika hukatwa kwa mshazari wa digrii 45 ili nyuzi zake zizuie bawa kujipinda, na kile cha nyuzi za upande mmoja hulazwa kuelekea urefu wa bawa ili kizuie kukunjika. Ukibadilisha mielekeo hiyo, kipande kitaonekana kizuri na hakitafaa. Siku yenyewe, paka juu ya povu uji mwepesi wa epoksi na unga wa vitufe vya kioo ili vinyweleo vizibwe na visinywe epoksi safi. Laza kitambaa, mimina epoksi kidogo katikati, kisha uisukume kwa kibao laini cha plastiki kuelekea kingo, polepole, kwa mkono mmoja usiokandamiza sana. Macho ndiyo kipimo. Kitambaa kikavu huwa na weupe weupe; kilicholoa vizuri huwa angavu na mfumo wake wa kufumwa bado unaonekana na kuhisika; kilichozidishwa hung’aa kama maji yaliyotuama, na hicho kikamuliwe tena mpaka mng’ao uondoke. Juu ya yote, tandaza kitambaa cha poliesta cha kubandua, ambacho hunyonya ziada na baadaye kikivuliwa huacha uso wenye kushika vizuri tabaka linalofuata. Vaa glavu za nitrili tangu mwanzo, na usinawe mikono kwa thina hata siku moja, kwani huipitisha epoksi ndani ya ngozi, na mwili ukishaikataa epoksi ujenzi wako umekwisha.

Hali ya hewa ya huku ina masharti yake. Karakana ya Moshi mwezi Februari huweza kupita nyuzi 30, na katika joto hilo epoksi iliyoachwa kwenye kikombe kirefu hujichemsha yenyewe na kuganda kabla hujafika nusu ya bawa. Changanya kidogo kidogo na umimine kwenye sinia pana. Wengi hukimbilia asubuhi na mapema, lakini mimi napendelea alasiri, joto linapoanza kushuka, kwa sababu asubuhi hewa iliyomo kwenye povu inatanuka na kusukuma mapovu chini ya kitambaa. Arusha ya Juni na Julai ina shida ya kinyume: usiku ni baridi mno kwa epoksi nyingi, na hata rezini iliyo koponi huweza kuganda punje kama asali. Kopo hulowekwa kwenye maji ya moto mpaka punje ziyeyuke, na kazi iliyolazwa hujengewa hema la nailoni lenye kipima joto na chanzo cha joto kisicho na moto wa wazi. Wakati wa masika, unyevunyevu huacha utando wa kuteleza juu ya epoksi iliyokauka. Utando huo huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ndipo msasa upite, la sivyo utauzika ndani.

Kazi ikishakauka, chukua sarafu ya shilingi 200 na uigonge juu ya uso wote, sentimita kwa sentimita. Mahali palipogandamana hutoa mlio mkali na mfupi. Palipoachana na povu hutoa mlio mzito uliofifia. Zungushia kalamu kila sehemu yenye mlio huo na ufuate maagizo ya ramani ya ukarabati. Toboa pia tundu dogo la kutolea maji chini ya kila chumba kilicho wazi ndani.

Kuunganisha mkia na kiwiliwili hakuhitaji maelezo mengi, bali subira. Kiwiliwili kisawazishwe kwanza kwa pima maji, kisha pima kwa utepe kutoka kila ncha ya bawa la mkia hadi alama moja iliyo katikati ya pua. Vipimo viwili vikilingana, bawa limekaa mraba. Pezi lipimwe kwa timazi. Pembe ya bawa la mkia ikaguliwe kwa pima maji ya kidijitali inayosoma sehemu ya kumi ya digrii, na ikaguliwe upya baada ya epoksi ya maungio kushika lakini kabla haijakauka kabisa.

Linalobaki ni kusawazisha eleveta na usukani, na hapa pasiwe na uvivu. Eleveta iliyo nzito nyuma ya bawaba huweza kuanza kutetemeka kwa kujichochea yenyewe katika mwendo fulani, na mtetemo huo huweza kung’oa mkia ndani ya sekunde chache. Kwa marubani wa huku jambo hili lina uzito wa pekee. Uwanja wa Kisongo wenyewe uko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na anayetaka kuutazama Meru kwa karibu atapanda zaidi. Katika mita 4,000, mwendo halisi hewani huzidi ule unaosomwa kwenye saa kwa takriban asilimia 22, na mtetemo hufuata zaidi mwendo halisi. Tundika eleveta kwenye bawaba zake mahali pasipo upepo, iweze kucheza bila kukwama, kisha ongeza au punguza risasi mbele ya bawaba mpaka ikae kama ramani inavyotaka.

Rangi iwe nyeupe. Epoksi inayokauka bila tanuri hulainika ikipata joto kali, na bawa la rangi nyeusi lililoegeshwa juani mchana litafika huko. Kwa sababu hiyohiyo, vipande vilivyokamilika visiegemezwe ukutani chini ya paa la mabati lisilo na dari, bali vilazwe juu ya mito miwili au vitundikwe kwenye bawaba zake. Rangi nayo ina uzito, na sehemu yake kubwa huangukia nyuma ya bawaba. Kwa hiyo baada ya kupaka, eleveta na usukani hurudishwa kwenye mizani, husawazishwa upya, na vipimo vipya huandikwa kwenye daftari la ujenzi pamoja na tarehe na gramu za risasi zilizotumika.