Nani anaanza? Kumaliza ubishi wa "subiri, mi kwanza" kwenye vita vya mezani

Kuna Jumamosi moja hapa Area C, Dodoma, tunacheza gemu yetu ya vita vya vijisanamu, tulikaa kama dakika 40 hakuna aliyerusha dadu, chai imepoa, watu wazima wawili wamesimama wananyoosheana vidole juu ya boksi la viatu. Boksi ndo lilikuwa ukuta. Jamaa wa Nkuhungu kakitoa kikosi chake nyuma ya boksi la kwanza, kakikatisha kwenye uwazi, kakificha nyuma ya boksi la pili, na dogo wa UDOM anapiga kelele eti "nimekupiga risasi ulipokuwa unapita!" Mwenzake anamwambia hujanipiga, mi nishafika. Niliwaacha kwanza maana ilinichekesha, alafu nikachukua karatasi za sheria tukasoma mstari mmoja tu, wote wakakaa.

Toka siku hiyo mi ndo naitwa kila kukiwaka, na nina utaratibu wangu ambao naumwaga hapa kama ulivyo. Mifano yote natumia Warhammer 40,000, gemu ya vita vya mezani vya majeshi ya vijisanamu, toleo la 10, lile la 2023, kwa sababu ndo tunalocheza na sheria zake za msingi zilitolewa bure, tukaenda kuziprinti steshenari. Vijisanamu vyenyewe orijino tunavyo vichache, bei yake acha tu, wengi tunatumia picha za karatasi ngumu tulizogundisha kwenye vizibo vya soda vilivyojazwa udongo, maana upepo wa Dodoma bila uzito jeshi lote linaishia kwa jirani. Kupima tunatumia tepu ya fundi cherehani, ina inchi, inatosha.

Hatua ya 1: Mikono juu

Ubishi ukianza tu, hakuna kugusa kikosi wala dadu. Hii inaonekana ya kitoto ila ukimruhusu mtu "ngoja nikuoneshe nilikuwa wapi" basi mna kesi mbili, ile ya kwanza na ya kikosi kilikuwa wapi. Sisi anayesogeza anaacha sarafu ya mia pale alipotoka mpaka mwenzake aseme sawa.

Hatua ya 2: Semeni mko saa ngapi

Sio saa ya ukutani. Namuuliza kila mmoja: hii zamu ya nani, awamu gani, na ndani ya hiyo awamu tumefika wapi? Zamu ina awamu tano: amri, kusogea, kufyatua, kuvamia, kupigana. Na shambulio moja nalo lina ngazi zake, unarusha dadu ya kugonga, kisha ya kujeruhi, mwenye kikosi anachagua nani linampata, anarusha sevu (dadu ya kujiokoa), mwisho ndo madhara yanahesabiwa. Zitajeni kwa sauti. Utashangaa mara ngapi mmoja anajibu "tuko kusogea" na mwingine "si tushaingia kufyatua?" na ubishi wote ulikuwa huo. Wote wanaijua sheria vizuri tu, tatizo kila mtu anaishi dakika yake.

Hatua ya 3: Tafuta neno la wakati, usisome kingine kwanza

Hapa ndo penye nyama so tukae kidogo. Kila uwezo kwenye hizi gemu una sentensi inayosema unafanyika lini, na watu wanairuka wanakimbilia kusoma unaua vipi. We fanya kinyume. Weka kidole kwenye neno la wakati: kabla ya, wakati, mara tu baada ya, mwanzoni mwa, mwishoni mwa, mpaka. Hayo maneno hayafanani hata kidogo.

Turudi kwenye boksi la viatu. Dogo alikuwa anatumia ovawochi, ile stratajemu (mbinu ya kulipia) ya kumpiga adui kwenye zamu yake kwa kulipa pointi 1 ya amri. Sheria inasema unaitumia kwenye awamu ya mpinzani ya kusogea au ya kuvamia, mara tu baada ya kikosi chake kuwekwa mezani, au kikosi kinapoanza au kinapomaliza kusogea, au kinapotangaza kuvamia. Rudia kusoma: kinapoanza, kinapomaliza. Katikati haipo! Na kikosi lazima ukione ndo ukifyatulie. Sasa kikosi cha jamaa kilipoanza kilikuwa nyuma ya boksi, hukioni. Kilipomaliza kiko nyuma ya boksi lingine, hukioni. Pale kwenye uwazi kwa macho yetu kilionekana kweli, mkono wa jamaa ulipita nacho taratibu kabisa, ila kwa gemu hiyo dakika haina mlango wa kuingilia. Dogo akasema basi hiyo sheria haina akili, mwanajeshi anakatiza barabara mchana kweupe humpigi? Mi nikamwambia akili inaweza isiwepo ila mlango ndo haupo, na kesho itakusaidia wewe. Wiki iliyofuata ye ndo alikuwa anakimbiza kikosi kutoka boksi hadi boksi anacheka.

Kumbuka pia ovawochi inagonga kwa 6 halisi tu, yaani dadu yenyewe isome 6, na ni mara moja kwa zamu, kwa hiyo nusu ya ugomvi wa ovawochi hata ukishinda haikupi kitu, ila haya.

Kutoka hapo tukajiwekea tabia moja: anayesogeza anasema "naanza hiki", anatulia sekunde moja, anasogeza, anasema "nimemaliza", anatulia tena. Hizo pozi mbili ndo milango ya mpinzani. Kama unasogeza vikosi vinne kwa mpigo kama mtu anayefagia uwanja alafu mwenzio akisema alitaka kufyatua unamwambia "umechelewa", hapo kosa ni lako.

Hatua ya 4: Aliyekatiza amalize, aliyekatizwa aendelee alipoishia

Kwa watu wa Dodoma hii naielezea kwa Bunge tu, wanaelewa hapo hapo. Mbunge anachangia, mwingine anasimama "taarifa, Mheshimiwa Spika", anayechangia anakaa, taarifa inatolewa, anaulizwa anaipokea au haipokei, alafu anaendelea. Haanzi hotuba upya. Na taarifa hutoi mtu akishamaliza kuchangia na kipaza sauti kimezimwa.

Sasa chukua uvamizi. Natangaza kikosi changu kinavamia chako, na nimetaja ni kipi. Wewe unasema ovawochi. Mi nakaa chini, we unafyatua yote mpaka mwisho, kugonga, kujeruhi, sevu, maiti zinaondolewa. Ndo narudi nilipoishia, yaani narusha dadu mbili za umbali wa kuvamia. Utaratibu huu una pesa: maiti nachagua mimi, na nikiondoa wale wa mbele, umbali wa kukufikia umeongezeka kabla sijarusha. Niliwahi kuwa inchi 6 kutoka kwa adui, nikaondoa wawili wa mbele bila kufikiri, nikajikuta nahitaji 8. Nikarusha 7. Sitaki kuongelea.

Hatua ya 5: Vikigongana kweli kweli, angalia zamu ni ya nani

Ukishapita hatua ya 3 mara nyingi unagundua vitu viwili mlivyodhani ni vya wakati mmoja kumbe kimoja ni "wakati" na kingine "mara tu baada ya", havikugongana. Ila kuna siku vinagongana kabisa, vyote vimeandikwa mwishoni mwa awamu ya kusogea. Hapo sheria ni fupi: mwenye zamu anachagua mpangilio. Sio kwamba mwenye zamu anaanza, hapana, ANACHAGUA nani aanze, na hili watu wanalipotosha kila wiki.

Mfano: ni zamu yangu, mwisho wa awamu ya kusogea. Wewe unalipa pointi 1 kuingiza kikosi chako cha akiba mezani, ipo stratajemu ya hivyo. Na mi tuseme nina uwezo wa mwisho wa awamu hiyo hiyo, nachagua adui mmoja aliye ndani ya inchi 12 namuumiza. Mtu mwenye pupa atasema mi kwanza kwa sababu zamu yangu. Mi nakwambia karibu ndugu, ingiza kikosi chako, weka unapotaka. Ukishaweka, ndo natumia wangu, na sasa nina mtu mpya wa kuchagua. Aliyenifanyia hivi mara ya kwanza ni bro mmoja wa mtaa wa Kisasa, mpole kabisa, kanikaribisha kama mgeni wa harusi.

Kama mgongano umetokea kabla au baada ya vita, au mwanzoni au mwishoni mwa raundi nzima, hapo mwenye zamu hayupo, mnarusha dadu kila mtu yake, aliyeshinda anapanga. Wageni wanachanganya raundi na zamu, raundi ni mimi nimecheza na wewe umecheza.

Hatua ya 6: Awamu ya kupigana ina utaratibu wake, usiingie na ule wa juu

Huu ndo mtego ninaoupenda kuliko yote. Kikosi kilichovamia kinapewa haki ya kupigana kwanza mpaka mwisho wa zamu. Basi mtu anavamia, anashika dadu mkono mzima, anajua anaanza. Kumbe kikosi alichokivamia kimeandikwa kwenye karatasi yake kwamba nacho kinapigana kwanza, siku zote. Sasa wote wako kundi la "kwanza", nani anaanza? Mtu anakumbuka hatua ya 5, anasema zamu yangu napanga mimi. Hapana! Awamu hii ina kanuni yake: ndani ya kundi mnapokezana kuchagua vikosi, na anayeanza kuchagua ni yule ambaye zamu SIO yake. Umevamia, umelipa gharama zote, na unapigwa wewe kwanza. Kanuni ya mahali husika inaipiku ya jumla, kwa hiyo kabla ya kukimbilia "mwenye zamu anachagua" uliza kama awamu yenyewe haijasema kitu.

Na ukisharusha hayo madadu, mwenzio anaweza kulipa pointi 2 baada tu ya kikosi chako kupigana ili chake kiwe kinachofuata, so usipange mauaji ya mfululizo kabla hujahesabu ana pointi ngapi.

Hatua ya 7: Dadu nazo zina foleni

Fupi. Kurusha upya kunakuja kabla ya nyongeza na punguzo. Una uwezo wa kurusha upya kila 1, na una punguzo la 1 kwenye kugonga. Umepata 2. Mtu anasema 2 toa 1 ni 1, narusha upya. Hapana, dadu yenyewe inasoma 2, muda wa kurusha upya umepita, ndo punguzo linaingia. Na dadu ikisharushwa upya mara moja imetoka, hata uwe na uwezo mwingine wa kukuruhusu. Ikidondokea kwenye sahani ya ubuyu sisi tunarusha tena, hiyo sheria yetu.

Kama mnacheza gemu nyingine

Hatua 1 mpaka 4 zinahama na wewe, ya 5 ndo lazima uitafute kwenye kitabu cha gemu yako. X-Wing, gemu ya vyombo vya anga, toleo la pili la 2018 kwa mfano haiangalii zamu ya nani, ina mchezaji wa kwanza na wa pili, uwezo wa yule wa kwanza unaingia kwenye foleni mbele, na kama uwezo mmoja ukiamsha mwingine, huo mpya unapita mbele ya foleni kama mgonjwa wa dharura. Ukimleta mtu wa X-Wing kwenye meza yetu atabisha kwa nguvu zote na kwake yuko sahihi.

Mkishindwa kabisa

Tunatafuta dakika 5 tu kwenye karatasi na kwenye marekebisho mapya (hakikisha mna pdf ya karibuni, wanabadilisha sana), tukikosa tunarusha dadu moja, 4 kwenda juu upande wa mwenye zamu, tunaendelea, na swali linaandikwa kwenye daftari likatafutiwe jibu nyumbani. Likipatikana linaandikwa chini yake kwa peni nyekundu na matokeo ya siku ile hayabadilishwi.

Kwa sasa daftari lina swali moja lililojibiwa Jumatano: gari lenye watu ndani likilipuliwa, dadu ya mlipuko inarushwa kabla watu hawajashuka au baada? Kabla, na kabla hata gari halijaondolewa mezani. Imeandikwa wazi kwenye mabano ya sheria ya mlipuko, na sisi tulikuwa tunawashusha watu kwanza alafu tunawalipua. Jamaa wa Nkuhungu anadai tumemuulia vikosi vitatu hivyo na anataka soda.