Galoni ni lita 4, injini inataka 3.7: jinsi ya kupima oili baada ya kuibadilisha nyumbani

Galoni ya oili inayouzwa madukani ina lita 4. Injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1,500 iliyomo kwenye Toyota IST, Probox na Corolla nyingi za miaka ya 2000, inachukua lita 3.7 ukibadilisha oili pamoja na filta, na lita 3.4 usipogusa filta. Makosa mengi ya kubadilisha oili nyumbani yanaanzia hapo. Mtu anamimina galoni nzima, anafunga boneti, anajua kamaliza. Kumbe kazidisha mililita 300, na kama oili ya zamani haikutoka yote, ziada inafika nusu lita.

Tutatumia injini hiyo kama mfano. Gari lako likiwa na injini nyingine, vipimo vyake viko kwenye kitabu cha gari. Utaratibu ni uleule.

Kupima vizuri kunaanza wakati wa kumwaga. Washa injini dakika tano ili oili ipate joto na iwe nyepesi, kisha zima, egesha pahala tambarare na ufungue nati ya sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini) kwa spana namba 14. Oili ya moto inaunguza, kwa hiyo nati ikishalegea imalizie kwa vidole ukiwa umevaa glavu, mkono ukiwa pembeni. Iache itiririke hata baada ya kuonekana imekwisha, dakika kumi na tano hivi, mpaka matone yawe yanadondoka moja moja kwa kusitasita. Ukikimbilia kufunga, mililita mia mbili au tatu za oili chafu zitabaki ndani, na hesabu yako yote itakuwa imeshavurugika.

Oili uliyoitoa usiitupe kabla ya kuipima. Imimine kwenye galoni tupu lenye alama za lita pembeni. Zikitoka lita 2.5 kwenye injini iliyojazwa 3.7, basi, ukiacha kama mililita 300 zilizobaki kwenye filta, karibu lita moja imeungua au imevuja tangu sevisi iliyopita, na hilo ni jambo la kufuatilia. Baada ya hapo ipeleke gereji wanakokusanya oili chafu. Ukiimwaga mtaroni itaishia kwenye maji ya watu.

Sasa fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: nati ikiwa bado wazi, chomoa dipstiki (kijiti cha kupimia oili), ifute, irudishe, ichomoe tena. Ncha inatakiwa itoke bila kipimo chochote. Ikionyesha oili bado imejaa, umefungua nati isiyo yake, na ulichomwaga ni oili ya giaboksi. Kosa hili hutokea kwenye magari ya otomatiki, yakiwemo ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua), kwa sababu nati ya giaboksi iko chini hapohapo. Sampu ya injini iko upande wenye mikanda. Giaboksi iko upande wa pili. Asiyegundua anaongeza lita 3.7 juu ya oili iliyokuwemo, injini inabaki na zaidi ya lita saba, na giaboksi inaendeshwa kavu. Ukigundua kabla ya kuwasha, hasara ni ya oili ya giaboksi tu: usiwashe kabisa, rudishia oili ya aina ileile inayotakiwa na giaboksi hiyo kwa kipimo chake, ndipo uendelee na injini. Ikiwa gari limeshatembea, livutwe hadi kwa fundi.

Filta ya zamani ikitoka, angalia mpira wake umetoka nayo. Mara nyingine mpira hung'ang'ania kwenye injini, na ukifunga filta mpya juu yake, mipira miwili haikai. Mwanzoni haivuji, pampu ikishasukuma, oili inaruka nje na sampu inakauka ndani ya dakika chache. Futa uso unaokalia filta, paka oili kidogo kwenye mpira mpya, kaza kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Nati ya sampu iwekee washa (pete ya kuziba) mpya. Mkazo wake ni takriban Nm 38, yaani nguvu ya mkono mmoja kwenye spana fupi. Usiikanyage wala kuiwekea bomba la kurefusha. Uzi wa sampu ukishaliwa, kazi ya nusu saa inageuka kazi ya kutwa.

Kumimina ni kwa awamu mbili. Weka lita 3.4 kwanza, subiri dakika tano oili ishuke kutoka juu, kisha pima. Dipstiki itasoma karibu na F, alama ya juu ya kujaa. Usijipongeze bado, kwa sababu filta mpya ni tupu na inameza kama mililita 300 mara tu injini ikiwaka. Ndiyo tofauti ile ya 3.4 na 3.7.

Funga kifuniko na uwashe. Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi inaweza kuchelewa kuzimika kwa sekunde chache wakati filta inajaa. Usikanyage mafuta katika muda huo, maana beringi (vikalio vya mhimili unaozunguka ndani ya injini) bado hazijapata oili ya kutosha. Zikipita sekunde kumi taa haijazimika, zima injini na utafute sababu. Ikizimika, iache injini iungurume yenyewe dakika mbili tatu huku ukimulika chini kwa tochi, kwenye filta na kwenye nati. Kisha zima na usubiri. Dakika tano ndicho kiwango cha chini. Oili mpya ambayo bado ni ya baridi hushuka polepole, na tunapendelea kumi.

Kama uliliinua gari kwenye stendi, lishushe kwanza, matairi yote manne yakae tambarare. Pua ikiinuka, oili inakimbilia upande mmoja wa sampu na dipstiki inasema uongo.

Mchomo wa kwanza hausomwi. Dipstiki iliyokaa kwenye mrija wakati injini inafanya kazi hutoka imepakwa oili mpaka juu. Ifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, irudishe mpaka kishikio chake kikae chini kabisa, hesabu hadi tatu, ichomoe tena. Ishike ikiwa imelala, au ncha ikielekea chini. Ukiinua ncha juu, oili inateremka kuelekea kishikioni na unasoma kimo kisichokuwepo.

Oili mpya ina rangi ya asali nyepesi na kwenye chuma haionekani vizuri. Weka karatasi nyeupe nyuma ya ncha na uigeuze-geuze kwenye mwanga wa pembeni. Utaona sehemu tatu. Chini kabisa, oili imefunika chuma sawasawa, upana mzima, na inang'aa kama kioo. Juu yake kuna ukingo. Juu ya ukingo kuna mistari na madoadoa yaliyopakwa na kuta za mrija. Kimo chako ni ule ukingo, pale ambapo oili inaacha kufunika upana wote. Geuza upande wa pili usome tena. Pande mbili zikitofautiana, na mara nyingi hutofautiana kwa milimita kadhaa, chukua ule wa chini. Wa juu umechafuliwa na mrija. Ukiona mistari mitupu bila ukingo, subiri dakika kumi nyingine.

Baada ya kuwasha, utaikuta imeshuka chini ya F. Ongeza mililita 100, subiri dakika mbili, pima, ongeza tena. Kwenye magari mengi madogo, kutoka L (alama ya chini) hadi F ni kama lita 1. Baadhi hufika lita 1.5. Huu ndio wakati mzuri wa kujua dipstiki yako inasemaje: andika kila mililita 100 zinainua ukingo kwa milimita ngapi. Siku nyingine utajua cha kuongeza bila kubahatisha. Simama robo tatu ya njia kuelekea F, au kwenye F yenyewe.

Ukingo ukiwa milimita mbili tatu juu ya F, mwendo ni salama. Ukipita hapo, punguza. Krenki, yaani mhimili mkuu wa injini, inapozunguka karibu na oili iliyozidi huichapa na kuitia hewa. Pampu inavuta povu badala ya oili, shinikizo linayumba, na beringi zinakosa ulinzi. Oili nyingine inapanda kwenye mrija wa kupumulia, inaingia kwenye hewa ya injini na kutoka kama moshi wa bluu. Kupunguza si lazima kufungue nati. Chukua bomba la sindano la mililita 60, lifungie mpira mwembamba wa dripu, upitishe kwenye mrija wa dipstiki mpaka uguse chini, uvute. Hakikisha mpira umebana vizuri kwenye sindano usije ukachomoka ukabaki ndani. Mabomba matano ni mililita 300: ile ziada ya galoni.

Upungufu una hatari yake. Kwenye kona kali au mlima, oili chache hukimbilia pembeni na mdomo wa pampu unavuta hewa. Na usiitegemee taa nyekundu ikukumbushe. Taa hiyo inapima shinikizo, haipimi kimo. Ikiwaka, oili imeshapungua kiasi cha kuhatarisha injini. Zima hapohapo, usiseme utafika nyumbani kwanza.

Pima tena kesho yake asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa palepale tambarare. Usomaji huu ndio wa kuaminika zaidi, kwa kuwa oili yote imeshateremka. Oili ya baridi imenywea. Ikipanda kutoka joto la asubuhi hadi nyuzi 90 inaongezeka kama asilimia 4 au 5, kwa hiyo usishangae usomaji wa baridi na wa moto vikipishana kidogo. Chagua mmoja na ulinganishe baridi kwa baridi, moto kwa moto. Tazama pia sakafu: tone jipya chini ya nati au filta lisipuuzwe.

Rangi isikutishe. Injini ya dizeli kama ile ya Hiace hufanya oili mpya iwe nyeusi siku ileile, kwa sababu ya masizi. Cha kutisha ni kimo kinachopanda chenyewe bila wewe kuongeza kitu. Nusa dipstiki: ikinuka petroli, mafuta yanapenya kwenye silinda na kuteremka hadi sampu, na oili inakuwa nyepesi mno. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji ya rejeta yanaingia, mara nyingi kupitia gasketi ya silinda hedi, usiliendeshe. Ute mweupe kidogo chini ya kifuniko pekee, kwenye gari la safari fupi, huwa ni mvuke tu, mradi dipstiki ni safi na maji ya rejeta hayapungui.

Wiki ya kwanza pima mara mbili, kisha kila unapojaza tangi mara ya pili. Andika kwenye daftari kilomita na kimo. Vitabu vya Toyota vinataja lita 1 kwa kilomita 1,000 kama ukomo wa oili inayoweza kutumika. Ni ukomo mpana sana: kwa kasi hiyo, sampu ya lita 3.7 inakuwa hatarini kabla ya kilomita 3,000, na sevisi nyingi hufanywa kwa kilomita 5,000. Gari lako likishuka kutoka F hadi L ndani ya kilomita 1,500, nunua lita moja ya akiba ya oili ileile uiweke kwenye buti, kisha mwambie fundi aangalie ringi za pistoni na sili za valvu.