Kuosha dhahabu ya mtoni kwa karai: mwongozo wa anayeanza

Kabla ya kununua karai, jua utaoshea wapi. Tanzania, kutafuta au kuchimba madini bila leseni ni kosa, hata kama unachotaka ni punje mbili za kujifurahisha. Njia nyepesi ni kwenda kwa mwenye leseni ya uchimbaji mdogo, tuseme Chunya, kwenye mito ya Lupa ambako dhahabu imeoshwa tangu miaka ya 1920. Mwombe akuruhusu uoshe ndani ya eneo lake, na mkubaliane mapema kitakachopatikana ni cha nani. Kenya nako sheria ya mwaka 2016 inataka kibali, kwa hiyo usiingie tu kwenye kijito cha Kakamega na beleshi begani. Aliyeko ughaibuni ana nafasi kubwa zaidi. Pale Coloma, California, ambako James Marshall aliiona dhahabu mwaka 1848, hifadhi ya kihistoria inaruhusu wageni kuosha kwa mikono na karai tu, tena kwenye sehemu iliyotengwa. New Zealand imefungua vipande vya mito kadhaa, ukiwemo Arrow, ambako mtu yeyote anaweza kutafuta kwa vifaa vya mkono visivyo na injini.

Vifaa

Karai la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 35 hivi, lenye matuta ya kuzuia upande mmoja, linamtosha anayeanza. Chagua jeusi, la kijani au la buluu, maana punje ya njano huonekana haraka juu ya rangi hizo. Karai la chuma linafaa pia, ila jipya huwa na mafuta ya kiwandani: liweke juu ya moto mpaka mafuta yaungue yote. La plastiki lisugue kwa sabuni na mchanga laini. Usiruke hatua hii. Dhahabu laini ya mtoni mara nyingi ni bapa kama pumba, na maji yenye utando wa mafuta huiinua ikaelea na kutoka na uchafu. Tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo ndani ya karai linaizamisha.

Ongeza chekeche lenye matundu ya milimita 12, beleshi dogo, mtaimbo mfupi, bisibisi bapa ya kuchokolea nyufa, kijiko, ndoo mbili za lita 20, kichupa laini cha plastiki chenye mrija wa kufyonzea, chupa ndogo yenye kifuniko na buti ndefu za mpira.

Mahali pa kuchota

Wengi hukosea hapa. Wanaosha vizuri kabisa mchanga usio na kitu. Dhahabu husafiri wakati wa mafuriko, na hutua pale maji yanapopoteza nguvu: upande wa ndani wa kona, nyuma ya jiwe kubwa upande wa chini ya mkondo, mahali mto unapotoka kwenye mteremko na kuingia tambarare, na penye mizizi ya miti iliyoshika kokoto. Angalia mawe makubwa na mchanga mweusi. Vitu vizito hutua pamoja, kwa hiyo palipo na vyuma vilivyochakaa, misumari na risasi, dhahabu nayo ina sababu ya kuwapo.

Ikiisha kutua inaendelea kuzama mpaka izuiwe na mwamba au tabaka gumu la udongo wa mfinyanzi. Mchanga mzuri wa juu hauna maana. Chimba mpaka uguse mwamba, kisha ufuate nyufa zilizokatiza mkondo. Zichokoe kwa bisibisi, kwangua hadi vumbi la mwisho, na suuza ndani ya ndoo hata kijiwe kilichobanwa humo. Kijiko kimoja cha uchafu wa ufa kinaweza kukupa kuliko ndoo nzima ya mchanga wa ufukweni.

Usikae mahali pamoja kwa matumaini. Osha karai mbili au tatu, hesabu punje, andika, sogea mita kumi, rudia. Punje zikiongezeka unavyopanda mto, endelea kupanda. Zikikatika ghafla, rudi ukachunguze kingo na vijito vilivyo karibu na hapo. Punje zenye kona na ukwaru hazijasafiri mbali. Zilizolainika na kubonyea zimetoka mbali.

Kuosha

Dhahabu safi ina uzito wa gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo, na mchanga wa kawaida kama 2.65, yaani zaidi ya mara saba. Ndani ya maji pengo hilo hupanuka na kufika kama mara kumi na moja, ndiyo maana karai linatikiswa likiwa limezama.

1. Chekecha, kisha jaza karai robo tatu. Lizamishe kwenye maji yanayofika chini kidogo ya goti, yanayotembea polepole ili tope liondoke na uone kilichomo ndani ya karai.

2. Ponda kwa vidole. Bonge la mfinyanzi likibaki zima litabiringika na kutoka nje likiwa limebandika dhahabu yako. Endelea hadi usisikie donge lolote. Suuza mawe makubwa ndani ya karai, ndipo uyatupe.

3. Shika karai likiwa sawa, si kwa kuinamisha, ulitikise kulia na kushoto kwa nguvu kwa nusu dakika. Mchanga wote lazima uchezecheze kama uji mzito. Ukiwa umeganda, hakuna kinachozama.

4. Inamisha mbele, matuta yakiwa upande wa mbali nawe. Chovya ukingo majini na uinue, acha wimbi liondoke na tabaka la juu. Mara tatu au nne tu.

5. Rudisha sawa, tikisa tena. Rudia hatua ya 4 na ya 5 mpaka zibaki kama vijiko viwili vya mchanga mweusi.

6. Bakisha maji kidogo na uyazungushe taratibu juu ya mchanga huo. Mweusi utasogea mbele, dhahabu itabaki nyuma kama mkia. Ifyonze kwa kichupa.

Anayepoteza dhahabu karibu kila mara hupoteza kwenye hatua ya 4, kwa sababu amefululiza kumwaga bila kurudi kutikisa. Ukiwa na shaka, tikisa.

Jizoeze nyumbani kwenye beseni. Chukua chubwi la risasi la wavuvi, ligonge liwe bapa, kata vipande kumi vya ukubwa wa punje ya ulezi, changanya na mchanga na uoshe. Risasi ni nyepesi kuliko dhahabu, kwa hiyo ukirudisha vyote kumi mara kadhaa mfululizo, mkono umekaa. Nawa mikono vizuri baadaye. Risasi ni sumu.

Ni dhahabu kweli?

Kinga jua kwa mwili wako. Dhahabu hubaki njano kivulini. Ulanga, madini ya vipande vyembamba vinavyometameta, huwaka na kuzima unavyougeuza, na husombwa kirahisi. Bonyeza kwa ncha ya sindano: dhahabu hubonyea, paraiti, madini ya njano yanayofanana nayo, huvunjika.

Mchanga mweusi usiutupe. Ukaushe, funga sumaku kwenye mfuko wa plastiki, uipitishe juu taratibu, kung'uta, pitisha tena, kwani sumaku inayokokota rundo kubwa hubeba na dhahabu. Zebaki usiiguse kabisa, hata ukiwaona wengine mwaloni, mahali wachimbaji wanapooshea dhahabu, wanaitumia. Mvuke wake wakati wa kuchoma huharibu ubongo na neva, na inayomwagika huishia ndani ya samaki. Karai na subira vinatosha.

Maji yenyewe

Uliza wenyeji kuhusu mamba na viboko, na uamini jibu lao. Kichocho kipo kwenye mito mingi yetu, hasa penye maji yaliyotulia na majani; vaa buti na usiogelee. Maji yakigeuka rangi ghafla au yakianza kubeba majani, toka na vifaa vyako, mvua imenyesha juu. Usichimbe chini ya kingo, huporomoka bila onyo, na fukia kila shimo kabla ya kuondoka.

Sanduku la kuoshea lenye zulia, yaani mfereji mfupi ambamo maji hupitisha mchanga na zulia hukamata dhahabu, ni la baadaye, karai likishakuonyesha mahali penye dhahabu ya kutosha, na lihakikishie ruhusa yake. Anza na mteremko wa sentimita 8 kwa kila mita ya urefu, lisha beleshi moja moja, na kila baada ya muda osha kwa karai mchanga unaotoka mwisho wa sanduku. Ukikuta punje humo, mteremko ni mkali au unalisha haraka kuliko maji yanavyoweza kupokea.