Jinsi ya kusoma tishu unganishi ya titi kwenye slaidi

Vijana wanaokuja kujifunza maabarani kwetu hapa Mtwara wana haraka. Slaidi ikishawekwa tu, lenzi ya 40, ile inayokuza mara 40. Anaona viini vya zambarau, lakini yuko wapi ndani ya titi, hajui.

Hatua ya 1. Soma fomu ya mgonjwa kabla ya hadubini. Umri, ujauzito, kunyonyesha: vyote hubadili picha.

Hatua ya 2. Anza na lenzi ya 4. Kwa rangi za hematoksilini (ya zambarau) na eosini (ya waridi) utaona visiwa vya zambarau katika bahari ya waridi. Kila kisiwa ni lobuli, yaani kishada cha vifuko vya maziwa. Matundu meupe yaliyopangana kama macho ya jarife ni seli za mafuta. Mafuta yenyewe yaliyeyushwa na alkoholi na zailini wakati wa kuandaa kinyama, yaani kipande cha tishu kinachopimwa.

Hatua ya 3. Panda lenzi ya 10, usimame ukingoni mwa kisiwa. Usiondoke hapa upesi. Tishu unganishi ya titi, yaani ile inayoshikilia lobuli na kujaza nafasi kati yake, ni ya namna mbili. Ya ndani ya lobuli imepauka, nyuzi zake za kolajeni (protini imara ya kushikiza tishu) ni nyembamba na zimeachana kama pamba iliyochambuliwa, seli ni nyingi, mafuta karibu hakuna. Hii husikia homoni: nusu ya pili ya mzunguko wa hedhi huvimba kwa maji. Ya nje, kati ya lobuli na lobuli, ni nzito: kolajeni nene ya waridi iliyokolea, yenye mawimbi kama kamba ya usumba, seli chache. Uchore mpaka huo kwa penseli. Nawalazimisha wote, wanung'unike wasinung'unike.

Hatua ya 4. Sasa ndiyo lenzi ya 40. Viini virefu vyembamba ni vya faibroblasti, seli zinazotengeneza kolajeni. Vya duara vilivyokoza ni vya limfosaiti, seli za kinga.

Hatua ya 5. Jihadhari na nyufa nyeupe. Mwaka wangu wa kwanza niliandika "mrija uliopanuka", kumbe kinyama kilisinyaa tu. Mrija wa maziwa una seli zilizojipanga ukutani, ufa hauna.

Hatua ya 6. Rudi kwenye fomu. Kwa anayenyonyesha, lobuli zimejaa hadi tishu unganishi imebaki vijiukuta. Kwa bibi aliyekoma hedhi, lobuli zimenywea, mafuta yameongezeka, na tishu ya ndani imekakamaa hata kufanana na ya nje. Kwake, penseli ikikwama, usiulazimishe mpaka.