Jinsi ya Kuiwajibisha Kaunti Kuhusu Watu Wanaolala Nje na Usalama wa Mtaa

Barua ya kwanza niliyoiandika nikiwa katibu wa chama cha wakazi ilikuwa na ombi moja tu: watu wanaolala kwenye vibaraza vya maduka waondolewe. Tulijibiwa kwa lori. Askari walikuja usiku, wakazoa watu, mablanketi na maboksi, na baada ya siku nne watu wale wale walikuwa wamerudi pale pale, safari hii bila mablanketi. Taa iliyoungua ilibaki imeungua, na simu ziliendelea kunyakuliwa. Tangu hapo nimeandika barua nyingi, na utaratibu ufuatao ndio tunaoutumia sasa. Nimeuandika kwa kufuata sheria za Kenya.

Hatua ya 1: Tenganisha malalamiko

Kukosa pa kulala ni jambo moja, na kunyang'anywa simu saa mbili usiku ni jingine, hata kama yote mawili yanatokea kwenye kona moja. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka polisi chini ya serikali ya kitaifa, ilhali taa za barabarani, taka na masoko ni majukumu ya kaunti. Baadhi ya barabara kubwa za mijini ziko chini ya KURA, mamlaka ya kitaifa ya barabara za mijini, kwa hiyo ulizia kwanza barabara yenu ni ya nani. Mfuko wa kurekebisha maisha ya familia za mitaani, ulioanzishwa mwaka 2003, ni wa kitaifa. Kiongozi akiulizwa lisilo lake atasema "hilo si langu", na atakuwa amesema kweli.

Mkimkuta mtoto anayelala nje peke yake, msingoje barua: pigeni 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto.

Hatua ya 2: Hesabu mwenyewe

Sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 nchini, na kati yao 15,337 walikuwa Nairobi. Takwimu hizo zinafaa kwa hotuba, lakini hazimlazimishi mtu yeyote kuja kwenye kona yenu. Sisi hutoka wawili wawili alfajiri, kabla maduka hayajafunguliwa, tukiwa na daftari. Mstari mmoja wa daftari letu unasomeka hivi: "Jumanne, saa 11:10 alfajiri. Kibaraza cha duka la mabati. Watu wazima 6, watoto 2. Taa ya tatu kutoka stejini haiwaki." Hatupigi picha za nyuso wala kuandika majina.

Zungumzeni na wanaolala hapo. Mimi nilidhani wao ndio tatizo la usalama, hadi kijana mmoja aliponionyesha mahali alipoibiwa viatu akiwa usingizini, chini ya ile ile taa tuliyokuwa tukiilalamikia. Wakazi walioporwa nao wapige ripoti kituoni na watunze nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, kwa sababu wizi usioandikwa kituoni, kwa ofisi yoyote, haukutokea.

Hatua ya 3: Omba taarifa, usiombe huruma

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2016 imeweka utaratibu wake. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, haulazimiki kueleza unaitakia nini taarifa hiyo, na kuwasilisha ombi hakutozwi ada, ingawa unaweza kulipia nakala. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kuongeza muda mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14. Panapohusika uhai au uhuru wa mtu, jibu linatakiwa ndani ya saa 48.

Uliza maswali yanayojibika kwa hati. Yetu yalikuwa haya manne:

"Tunaomba (a) orodha ya taa zilizoripotiwa kuharibika katika wadi hii na tarehe ya kutengenezwa kwa kila moja; (b) kiasi kilichotengwa na kilichotumika mwaka huu wa fedha kwa taa na kwa makazi ya muda; (c) idadi ya nafasi za kulala zilizopo; (d) watu waliochukuliwa katika msako walipelekwa wapi, na kwa kifungu kipi cha sheria."

Swali la mwisho usilifute hata ukishauriwa. Sheria ya uzururaji ilifutwa mwaka 1997, kwa hiyo anayeuita msako "utaratibu wa kawaida" anapaswa kuutaja utaratibu huo umeandikwa wapi.

Peleka nakala mbili, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri, siku 21 hazina mwanzo.

Hatua ya 4: Fuata pesa kabla hazijagawanywa

Makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Ukienda kulalamika Julai, mwaka wa fedha umekwisha kuanza. Hudhurieni vikao vya kushirikisha umma mkiwa na daftari lenu, mtaje taa kwa nguzo yake, kisha mwaka ukiendelea mlinganishe ahadi na ripoti za robo mwaka za Msimamizi wa Bajeti. Mwakilishi wadi apewe nakala mapema, asije akasema ameshtukizwa.

Hatua ya 5: Ombi rasmi bungeni

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa mtu yeyote haki ya kuliomba bunge la kaunti lishughulikie jambo lililo ndani ya mamlaka yake. Liandikeni, liwe na dai moja lililo wazi, mlipeleke kwa karani wa bunge.

Hatua ya 6: Siku ya 22

Msipojibiwa, au mkijibiwa nusu, mna siku 30 za kuomba uamuzi upitiwe upya na Tume ya Haki ya Utawala, yaani ofisi ya Ombudsman. Ambatisheni nakala yenye muhuri. Sisi tulijibiwa siku ya 19: taa tatu zikatengenezwa wiki hiyo hiyo, takwimu za fedha zikaja kwenye ukurasa mmoja, nafasi za kulala zikaandikwa sifuri, na swali la (d) likaachwa wazi. Hilo peke yake ndilo tulilolipeleka kwenye Tume.