Kaseti za bibi na daftari la mvua: jinsi ya kuviweka kidijitali vikadumu

Kama una kaseti za zamani nyumbani, kabla hujafanya kitu kingine chochote geuza kaseti uangalie ule ukingo wa mgongoni wenye viplastiki viwili vidogo kwenye pembe, vikiwa bado vipo vivunje vyote viwili, basi hapo hakuna atakayeweza kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Naanza na hili maana kwetu Tanga tulipoteza kipande kizima cha utenzi aliokuwa anausoma bibi yangu mzaa mama, mtoto alibonyeza rekodi akidhani ni plei na mpaka watu wanashtuka dakika kumi na kitu zimeshakwenda, sasa hivi pale katikati unasikia uani tu, mtu anaosha vyombo na jogoo anawika, halafu bibi anarudi kwenye beti za mbele kabisa. Bibi alishafariki, hakuna wa kumwomba asome tena.

Nimekaa karibu miaka miwili nikihamisha kaseti zake 23, pamoja na daftari la mvua la babu ambaye alikuwa anapima mvua kila asubuhi kwenye shamba la mkonge. Hapa naandika ninavyofanya, ili wewe usianzie sifuri.

Kaseti

Tafuta redio kaseti nzima, ya mtu anayeitunza, na usafishe hedi kwanza, kile kichuma kinachogusana na mkanda, kwa kijiti cha pamba na spiriti, ule uchafu wa rangi ya kahawia utauona mwenyewe. Kaseti ikiwa na ukungu mweupe kwenye mkanda usiipige, ukungu unahamia kwenye mashine na kutoka hapo unahamia kwenye kaseti zako zote, itenge hiyo mpaka umpate anayejua kuisafisha. Zilizo salama zipeleke mbele mpaka mwisho kisha uzirudishe mpaka mwanzo, maana mkanda uliokaa miaka kwenye kabati unakuwa umegandana na ukiupiga hivyohivyo unaweza kukatika. Zile za dakika 120 kuwa nazo makini zaidi, mkanda wake ni mwembamba kuliko wa 60 au 90.

Sasa kuna jambo wengi hawalijui na ndilo linaloleta tofauti kubwa kuliko mashine ya bei. Pembeni ya hedi kuna kiskrubu kidogo, na kwenye redio nyingi kuna katundu unakoweza kupitisha bisibisi nyembamba huku kaseti inacheza. Kaseti iliyorekodiwa kwenye redio nyingine mara nyingi inasikika kama mtu anaongea nyuma ya blanketi, basi zungusha kile kiskrubu kidogo sana, robo ya mzunguko ni nyingi, huku unasikiliza herufi s na sh, zikianza kukata vizuri simama hapohapo. Mimi nilikuwa nasikiliza neno "shahidi" kwenye ubeti mmoja wa bibi, narudisha, nazungusha kidogo, narudisha tena, mpaka ile sh ikatoka kama amekaa chumbani na sisi. Nilisikia hata karatasi anayoigeuza.

Toa sauti kwenye tundu la hedifoni au lile la laini auti kama lipo, ingiza kwenye saundi kadi ya USB yenye laini ini, yaani kile kifaa kidogo cha kuingizia sauti kwenye kompyuta. Usitumie tundu la maiki la laptopu, mengi yanapokea upande mmoja tu na yanapandisha sauti mpaka inapasuka. Usiweke simu mbele ya spika ukarekodi, labda kama kweli huna namna nyingine. Programu natumia Audacity, ni ya bure. Kwa ubora wa kurekodi weka herzi 96,000 na biti 24, kompyuta ikishindwa weka 48,000 na biti hizohizo 24. Mita ya sauti isifike sifuri hata mara moja, iache vilele vyake vizunguke kama desibeli -6. Rekodi upande mzima bila kukatakata kisha hifadhi kama WAV, aina ya faili isiyobana sauti. Saa moja ya namna hiyo ni kama GB 2, kwa hiyo kaseti 20 za saa moja moja ni kama GB 40, siku hizi hiyo si nafasi kubwa. Ukiona ni nzito tumia FLAC, inapunguza ukubwa bila kutupa kitu. MP3 inatupa sauti ili iwe ndogo, na ilichotupa hakirudi, hiyo tengeneza kwa ajili ya kuwatumia ndugu kwenye simu tu.

Na usisafishe kelele kwenye faili mama, yaani ile ya kwanza uliyorekodi. Najua ule mvumo unaudhi, ila ukiuondoa unaondoa na pumzi za msomaji. Miaka 20 ijayo kutakuwa na programu nzuri kuliko tulizonazo, mwachie mtu wa wakati huo sauti yote. Ukitaka iliyosafishwa tengeneza kopi pembeni.

Daftari la babu

Hili lilinifundisha mengi. Kila ukurasa nilipiga picha kwenye mwanga wa mchana kivulini, bila flashi, simu iko juu sawasawa, na kava pia nikapiga, na kurasa tupu pia, na kile kikaratasi alichochomeka katikati. Picha nazihamisha kwa waya. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inazibana, ikibidi tuma kama dokumenti.

Halafu nikaanza kuingiza namba kwenye kompyuta na hapo ndipo penye mitego. Kurasa za zamani kaandika kwa inchi, za baadaye milimita, na inchi 1 ni milimita 25.4, sasa ukichanganya bila kuangalia utapata miaka ya ukame mkali ambayo haikuwepo. Nilichofanya ni safu mbili, moja nanakili kama alivyoandika yeye, ya pili nimebadilisha iwe milimita. Usifute alichoandika mwenyewe hata kama unaona kakosea, weka safu ya maelezo useme wewe unadhani nini.

Kitu kingine ni tofauti ya sifuri na nafasi tupu. Siku ambayo babu ameandika 0 maana yake alikwenda, akatazama kipimo, hakukuta maji. Siku ambayo hakuandika kitu maana yake hakupima, labda alikuwa mgonjwa au amekwenda msibani, mvua inaweza kuwa ilinyesha siku hiyo. Mtu akijaza sifuri kila palipo patupu ili jedwali lipendeze ameharibu kazi ya mzee wa watu. Jedwali likikamilika lihifadhi kama CSV, ambayo ni maandishi matupu yanayosomwa na programu yoyote, hata kama hii ya leo itakuwa imekufa.

Hilo la programu kufa si la kutishana. Mwaka 1986 BBC walikusanya picha na maelezo ya maisha ya Waingereza kuadhimisha miaka 900 ya kitabu chao cha kuorodhesha ardhi na mali cha mwaka 1086, wakaviweka kwenye diski za leza. Hazikupita hata miaka 20 mashine za kuzisoma zikawa adimu mpaka ikabidi wataalamu wafanye kazi ya kuokoa, na kile kitabu cha 1086 kiko, kinasomeka. Kwetu, Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928 kurekodi santuri, na baadhi ya sauti hizo tunazisikia mpaka leo kwa sababu kuna watu walizitunza na wengine wakazihamisha. Chagua fomati inayotumiwa na wengi na isiyofungwa na kampuni moja: WAV au FLAC kwa sauti, TIFF au JPEG kubwa kwa picha, PDF/A, yaani PDF ya kutunzia miaka mingi, kwa nyaraka, maandishi matupu kwa maelezo.

Majina, na nani anaongea

Faili iite kwa mwaka mbele, halafu mahali, halafu kitu, bila nafasi: 1987-08_tanga_utenzi_kaseti07_A.wav. Usiite "bibi mpya" au "mwisho kabisa 2", mwakani hata wewe hutajua ni ipi.

Ndani ya kila folda weka faili moja ya maandishi useme nani anaongea, wapi, lini kama unajua, lugha gani, nani alirekodi, ilihamishwa kwa mashine gani, nani ana ruhusa ya kusikiliza. Hii ndiyo kazi ya kufanya haraka kuliko zote, maana mkanda unaweza kusubiri miezi lakini wazee wanaotambua sauti hawasubiri. Kaseti ya 7 ina mwanamke anaitikia, hakuna aliyemjua pale nyumbani, nikampigia shangazi nikamsogezea spika, akasikiliza kimya, yule mama akakohoa kabla ya kiitikio, shangazi akasema papo hapo huyo ni jirani yetu wa nyumba ya makuti, akanitajia jina na ukoo na mwaka aliohama. Mpige mzee wako simu wiki hii.

Kopi

Kopi tatu, kwenye aina mbili tofauti za hifadhi, na moja iwe mbali na nyumbani. Mimi nina hadidiski moja kabatini, nyingine kwa dada Morogoro, na ya tatu iko mtandaoni. Hadidiski mbili kwenye droo moja ni kopi moja tu, mwizi au maji yatachukua zote. Sisi wa pwani tuna na unyevu wa chumvi, weka diski kwenye kopo linalofunga vizuri na vile vipakiti vya kunyonya maji. Flashi na memori kadi ni za kubebea, si za kutunzia. Na mtandaoni peke yake hakutoshi, MySpace, mtandao wa kijamii ambao watu walikuwa wanapakia muziki, mwaka 2019 walikiri nyimbo zilizopakiwa kwa miaka 12 zimepotea wakati wa kuhamisha seva. Mimi mwenyewe fundi alinifomatia laptopu bila kuuliza, picha zote za arusi ya mdogo wangu zilikuwa humo tu.

Halafu tengeneza alama ya kila faili, ni kama alama ya kidole, faili ikibadilika hata kidogo tu alama inabadilika yote. Kwenye Windows fungua ile skrini nyeusi ya amri uandike certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Nakili jibu kwenye faili ya maandishi uiweke pamoja na kopi zote. Kila mwaka, mimi nafanya baada ya Idi ndogo, pitia tena ulinganishe, iliyoharibika ifute urudishie kutoka kopi nzima. Diski ikifika kama miaka 5 nunua nyingine uhamishe, usisubiri ianze kugonga.

Kushirikisha wengine

Si kila kitu ni cha kuwekwa hadharani. Kati ya kaseti za bibi kuna mbili za nyimbo za unyago, hizo nimewaachia shangazi na dada zangu waamue, mimi nilirekodi upande wa A bila kujua na niliposikia ni nini nikasimamisha, dada akamalizia. Zilizobaki, wenyewe au watoto wao wakikubali, ongea na ofisi ya nyaraka za taifa au chuo kilicho karibu. Lamu, miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini, ulioanza 2004, miswada yenyewe ikabaki Lamu, na hivyo ndivyo unavyotakiwa kukubaliana na yeyote: wanachukua kopi, ya asili inabaki kwenu. Na ukishahamisha usitupe kaseti.

Nywila ya akaunti ya mtandaoni iandike kwenye karatasi, uitie kwenye bahasha pamoja na orodha ya diski ziko wapi, umkabidhi mtu mdogo kwako kwa umri. Yangu anayo binti wa dada, ana miaka 19, na tayari ameshafungua kopi zote tatu mwenyewe bila mimi kuwepo.